Ile Pua ya Farasi Sikukwambia Yote

Ndinda, mama,

Saa hii wewe na mama yako mko sokoni Kisumu Ndogo mnachagua omena, hizo dagaa, za kubeba mpaka kwa kazi yako mpya Cape Town, ni kama huko bahari imekauka. Mimi nimebaki kwa nyumba. Jua bado liko, hapa Lindi, Kibera yetu, kumetulia kidogo, na begi yako iko kwa kitanda imeshiba mpaka zipu inalia. Nimechukua daftari nikasema wacha nimwandikie huyu mtoto. Usishangae. Najua unafikiria baba yako anajua kuandika jina pekee. Darasa la tatu ya wakati wetu ilikuwa kama chuo kikuu ya siku hizi. Siku nilitoka shule mwalimu alilia. Sawa, alilia kwa furaha, lakini machozi ni machozi.

Mambo ya sweta, maombi, na kupiga simu kila Jumapili, mama yako amemaliza. Amesema, akarudia, akaita mama mchungaji naye akasema. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukwambia kitu moja tu, na itakula kurasa mingi kwa sababu unanijua, sijawahi kufika mahali kwa njia ya mkato.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kutoka umetoka sawa. Mtu akikuuliza kama baba yako alikasirika ukiacha kazi ya gemu za kompyuta pale Kabiro, Kawangware, mwambie alipiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza ni nani ameshinda. Miaka sita, Ndinda! Miaka sita watu wazima wanatengeneza gemu moja. Hapo kando ya studio yenu ploti ilikuwa tupu mlipoanza. Sasa kuna ghorofa nne, wapangaji wameingia, wengine wamezaa, wengine wamehama na usiku, na gemu bado. Kila Desemba Director wenu anasema, "Guys, mwakani lazima itoke." Mwakani ikifika, ameota ndoto ingine. Mara msichana wa gemu aendeshe pikipiki. Mara asiendeshe. Mnabomoa, mnaanza tena. Hata Nuhu alimaliza safina, na hakuwa na umeme.

Kwa hivyo si kutoka kunanisumbua. Kinachonisumbua ni maneno ulisema siku ile ulitoka.

Ulirudi hapa saa ya chai, ukatupa kile kitambulisho cha studio kwa meza, ukasema, "Baba, imeisha. Nimefanya kama wewe. Wacha wajue hawajui." Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Nikakupa mkono kama mwanaume. Nikasema, "Damu yangu hiyo!" Mama yako akatuangalia wote wawili akaingia jikoni.

Halafu zile maneno zikaanza kunizunguka kama nzi kwa bucha. Nimefanya kama wewe. Kwa sababu ile hadithi yangu ya kutoka, ni mimi nilikulisha, tangu ukiwa na meno mawili. Na nilikulisha nusu.

Wacha niiseme vile unaijua, halafu niiseme vile ilikuwa.

Vile unaijua ni hivi. Nilikuja Nairobi kutoka Kitui na mikono miwili na shati moja. Nikaingia kwa karakana ya Mzee Nzioka, hapa hapa Kibera, mtu wa Machakos, mfupi, mpole, mtu wa kanisa. Watu saba tulikuwa tunachonga mifupa ya ng'ombe. Tunaitoa kwa machinjio, tunaichemsha mpaka mafuta itoke na majirani watutukane, tunakata, tunapiga tupa, tunapiga msasa, inang'aa kama meno ya mbunge. Shanga, vikuku, vijiko. Na kati ya hao saba, ni nani alikuwa mkali? Ni huyu. Mimi ningechukua mguu wa ng'ombe asubuhi, ikifika saa kumi ni twiga, na huyo twiga anakuangalia vibaya.

Ikaja oda ya chess. Ile mchezo ya wazungu, ya mfalme na malkia na farasi. Mwenye hoteli mmoja alitaka chess kubwa ya mfupa, kila kitu urefu wa shibiri, nusu nyeupe, nusu imepikwa na majani chai mpaka ikawa kahawia. Na kwa karakana yetu kulikuwa na sheria: kitu ya aina moja inachongwa na mkono mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Wafalme wote ni Nzioka. Askari wote ni Wambua, mwenzangu wa meza. Kwa sababu mkono wa mtu ni kama sauti yake, ukichanganya, mtu anasikia. Mimi nikapewa farasi.

Sikuwa nimewahi kugusa farasi. Nikawa natoka kazini naenda Ngong Road, pale kwa uwanja wa mbio, nasimama kwa ua nawaangalia wakizungushwa. Askari wa pale akaniambia, "Kijana, hapa hakuna kazi." Nikamwambia, "Sitaki kazi, nataka pua." Alifikiria mimi ni mgonjwa. Lakini niliona kitu hakuna mtu mwingine aliona. Pua ya farasi haifunguki kutoka juu. Inafunguka kutoka chini, kama inakunywa hewa. Basi nikachukua spoki ya baiskeli, nikainoa, nikaenda nikachonga. Ndinda, nakwambia na Mungu ananisikia, ukishika ile farasi karibu na sikio ungesikia inapumua.

Nikamaliza mbili nyeupe. Bado mbili za kahawia. Na ile oda ikachelewa. Mwenye hoteli akija, anabadilisha: ile minara iwe simba. Mwezi unaisha, anasema simba warudi minara, lakini malkia avae shanga. Mzee Nzioka naye, badala ya kusema hapana, anasema, "Sawa, tutajaribu." Mwaka wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Nikachoka. Siku moja nikafungua aproni, nikaitupa kwa meza, nikasema, "Mimi naenda Kawangware kwa watu wanamaliza kazi." Nikatoka na kichwa juu. Na baada ya mimi kutoka, ile karakana ikaanguka! Hawakuweza kuchonga hata farasi moja! Walijaribu, zikatoka mbuzi!

Hapo ndipo ulikuwa unacheka. Ukiwa mdogo ulikuwa unaniambia, "Baba, sema tena pale zinatoka mbuzi." Na mimi nasema tena, na mbuzi wanaongezeka. Mwisho walikuwa na ndevu.

Sasa sikia vile ilikuwa.

Ni kweli nilitoka, na ni kweli nilichoka, na hata leo nasema nilikuwa na haki ya kuchoka. Sikuiba kitu. Niliacha zile farasi mbili nyeupe, nikaacha vichwa viwili vya kahawia nimevikata, havina pua wala macho. Niliacha tupa zao zote. Nilitoka na mkono wangu tu. Hivyo ndivyo nilikuwa najiambia, na ndivyo ulimwambia mama yako juzi: "Nimewaachia kila kitu kwa kompyuta, sijabeba chochote." Mama, niliposikia hivyo, nilisikia ni kama mimi naongea kwa redio.

Wiki tatu baada ya kutoka, Mzee Nzioka akaja kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba huko Kawangware, Kabiro hiyo hiyo ya studio yenu, chumba ndogo mpaka ukitaka kugeuka unatoka nje kwanza. Sikuwahi kukwambia alikuja. Alikaa kwa kitanda kwa sababu kiti hakukuwa. Nikampa chai. Nilikuwa nimejitayarisha, nimepanga maneno. Nilijua atasema rudi, na nilitaka aseme rudi, nikatae vizuri.

Hakusema rudi. Alikunywa chai nusu, akasema, "Kijana, mahali umeenda ni kuzuri? Wanakusikiza?"

Nikasema, "Wananisikiza sana."

"Nimefurahi. Sijakuja kukurudisha. Nimekuja na swali moja tu, halafu naenda. Hiyo pua, unaitoboa aje? Wambua anatoboa, mfupa unapasuka. Mimi natoboa, unapasuka. Nionyeshe tu mara moja."

Ndinda, ilikuwa kitu ya dakika kumi. Unaloweka kichwa kwa maji usiku kucha mfupa ulegee, asubuhi unatoboa kutoka chini ukipanda, pole pole, si kutoka juu ukishuka. Basi. Hiyo ndiyo siri yote. Ile spoki ilikuwa kwa mfuko wangu wa shati, hata sikuhitaji kusimama.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kipaji. Kipaji haionyeshwi."

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akamaliza chai yote, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, akasema, "Sawa. Asante kwa chai," akainama mlangoni akatoka. Mimi nikabaki nimekaa hapo nikijiambia, umemwonyesha. Sijui nilimwonyesha nini.

Walipasua vichwa mpaka mifupa mizuri ikaisha. Mwenye hoteli akachoka, akanunua chess ya kutoka nje. Ile oda ndiyo ilikuwa imeshikilia karakana, hawakuwa wamechukua kazi ingine. Watu sita wakatawanyika. Wambua akawa soja, mlinzi wa usiku, huko Westlands. Mwingine alirudi kwao sikumwona tena. Mzee akauza mashine ya kupolishi, akaenda nyumbani Machakos. Hawa ndio mbuzi tulikuwa tunacheka, mama. Walikuwa watu.

Na bado sijafika mahali pabaya. Miaka mingi baadaye, wewe ukiwa darasa la sita, nilienda mazishi ya huyo Wambua. Unakumbuka nilikuletea maembe. Nikamkuta Mzee Nzioka hapo, amekonda, amekaa na wajukuu. Nikataka kupitia nyuma ya hema. Akaniona. Akaniita, akanishika mkono, akawaambia wale watoto, "Mnaona huyu? Huyu ndiye fundi wa farasi. Kwa karakana yangu hapakutokea mtu wa kumfikia." Alinisifu, Ndinda. Mbele ya watu. Vile mimi hujisifu, lakini yeye alikuwa anamaanisha.

Mimi, ambaye nimeongea na polisi wakanisindikiza nyumbani, nikasema tu, "Asante, Mzee." Nikakula wali. Nikapanda gari. Nikajiambia nitarudi nimwombe msamaha vizuri, Pasaka. Pasaka haikumpata.

Na hiyo siri niliyoificha, unajua iko wapi? Hapa. Kwa hii kichwa. Hakuna mtu aliwahi kuiuliza tena. Hakuna mtu anataka farasi ya mfupa. Na juzi nilijaribu kuchonga moja, nikiwa peke yangu, nione kama bado. Mkono umezeeka. Ilipasuka. Nilikataa kuipatia mtu, sasa hata mimi mwenyewe imenikataa.

Sawa. Futa uso. Sijamaliza, na hii inayofuata tutacheka tena, ingawa si sana.

Unakumbuka Alhamisi iliyopita Achieng alikuja, huyo dada wa studio ambaye Director amempatia kazi yako. Ulikuwa umekataa simu zake siku kumi. Ulimwona kwa dirisha, ukaruka nyuma ya pazia ya kitanda, ukaniambia kwa midomo tu, "Sema siko." Na wewe unajua ukinipa ruhusa ya kudanganya, mimi siwezi kudanganya kidogo. Mtu mwingine angesema "hayuko" akafunga mlango. Mimi nikasema ameenda Kitui.

"Kitui? Atarudi lini?" akauliza.

"Ah, msichana wangu, ameenda kuzika. Shangazi yake Syombua ametuacha."

Nikasikia pazia inatetemeka na kicheko. Nikapata nguvu. Nikamuua Syombua vizuri kabisa: ugonjwa, hospitali, maneno ya mwisho. Na Syombua yuko hai, ana mbuzi kumi na nne na mdomo kuliko wangu. Achieng akasimama hapo mlangoni macho imejaa, akasema, "Pole sana Mzee. Sikujua. Mwambie Ndinda asijali mambo ya kazi." Akaenda.

Tulicheka siku hiyo. Lakini Jumamosi wewe ukiwa saluni, akarudi. Amebeba sukari, majani chai, na maziwa ya pakiti, na karatasi imeandikwa majina ya watu wote wa studio, hata Director. Akasema, "Mzee, tumeona tusiwaache na msiba peke yenu." Mimi nikapokea. Ungefanya nini? Nikapokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo inavyopokewa. Akataka tuombe. Tukaomba. Ndinda, nimesimama hapa kwa nyumba yangu nimefunga macho namwombea roho ya dada yangu ambaye saa hiyo yuko kwa shamba anafukuza nyani.

Mama yako alipopata ile sukari akauliza ni ya nini. Nikamwambia. Akaiweka sukari mezani. Halafu akasema, "Umemuua dada yako ili mtoto asionyeshe mwenzake kazi." Alisema hivyo tu, akaenda kupiga Syombua simu. Sasa unajua kwa nini shangazi yako alikupigia jana akikwambia safari njema kutoka mbinguni.

Basi jana asubuhi nilivaa koti. Nilikuambia naenda kuangalia bei ya tupa. Nilienda Kabiro. Nilipanda zile ngazi zenu nikipumzika kila ghorofa, nikibeba ile sukari. Maziwa tulikuwa tumekunywa, sitadanganya tena. Nikamkuta Achieng kwa ile meza yako. Nikamwambia ukweli mbele ya wote: "Mimi ni mzee muongo. Hakuna mtu amekufa. Syombua anawasalimia." Wakaangaliana. Halafu Director wenu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Achieng hakucheka. Akaniuliza swali moja tu, pole pole: "Kwani alikuwa ndani?"

Nikasema, "Alikuwa."

Akatikisa kichwa. Hakusema neno baya. Nilitafuta neno baya kwa uso wake, sikupata.

Director akanitolea kiti. Nilitaka kumchukia huyo mtu, nilikuwa nimepanda na matusi yangu tayari, ya Kikamba, ya ubora. Akasema, "Mzee, Ndinda alifanya vizuri kutoka. Hata mimi ningekuwa na mahali pa kwenda, ningetoka." Wamebaki watano. Alikuwa na macho ya Nzioka, ya mtu ambaye hajui kusema hapana kwa ndoto. Nikameza matusi yangu.

Halafu nikaomba kuona Katumbi, yule msichana wa gemu yenu.

Unajua Katumbi ni nani kwangu. Siku ile ya kwanza ulinionyesha kwa kompyuta, msichana na mtungi mgongoni, kamba kwa paji la uso, anatembea nchi kavu akitafuta mto uliotoroka, mimi nilikaa chini. Yule alikuwa mama yangu, mwenye jina lako. Vile anatupa mguu wa kushoto nje kidogo. Vile anapumzika bila kusimama. Nyanya yako alikufa kabla hujazaliwa, nikakuuliza umemtoa wapi, ukaniambia, "Kwani si wewe humwigiza kila Krismasi ukienda kuosha mikono?" Ukanifungulia ndani yake nikaona mistari, ukaniambia hiyo inaitwa mifupa, kila mfupa umefungwa kwa mwingine, ukivuta goti, bega linajua. Nilijivuna wiki mzima. Niliambia watu wote wa Lindi, mimi nimekula kwa mifupa miaka arobaini, mtoto wangu anakula kwa mifupa isiyonuka.

Jana Achieng akamfungua. Walikuwa wamempa Katumbi nguo mpya na mtungi mpya, ndoto za Director tena, na ilibidi afungwe mifupa upya. Akatembea. Mama, alikuwa anatembea kama kuku amefungwa mguu akipelekwa soko. Bega linaenda Machakos, goti linaenda Mombasa. Achieng akasema, "Nimejaribu kila njia. Ndinda ana mahali anashikia, sijui ni wapi. Nikifunga hapa, shingo inavunjika." Na akanionyesha daftari lake. Amechora ule mwendo kurasa kwa kurasa, mguu, mguu, mguu, zote zimekatwa na kalamu nyekundu. Nilijua hiyo ni nini. Hiyo ni vichwa vya farasi vimepasuka.

Nikamuuliza, "Kumwonyesha mtu hii, inachukua muda gani?"

Akasema, "Kwa mwenye anajua? Asubuhi moja."

Sasa usinielewe vibaya. Sikwambii urudi. Ukirudi hiyo studio nitakufukuza na fagio. Hiyo gemu inaweza kutoka, inaweza kukaa miaka sita ingine, hiyo ni juu yao na Mungu. Na hasira yako naijua. Ulikesha hapo, kazi yako ilibomolewa mara tatu mbele ya macho yako, na siku uliaga hakuna aliyesimama. Una haki ya hasira yote hiyo, ibebe, iko na nafasi kwa begi. Na huko Cape Town utawasha moto, hiyo sina shaka hata kidogo. Watakuuliza umesomea wapi, uwaambie Lindi, waandike wenyewe vile wanajua. Mtoto wangu hawezi kushindwa na watu wanakula mkate asubuhi, mchana na jioni.

Nasema tu kwamba mimi nilifikiria nikificha kile najua, nitabaki mkubwa. Nilibaki peke yangu. Hayo ni maneno mawili tofauti, na ilinichukua miaka thelathini kuona tofauti, kwa sababu kila nikianza kuiona, nilikuwa naanza hadithi ya mbuzi.

Wewe hukuwahi kuwa mchoyo. Huo uchoyo ni wangu, niliupaka sukari nikakupa ukiwa mdogo ukafikiria ni ushujaa. Ndiyo maana naandika hii. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua, ungefika katikati utafute mahali watu wacheke.

Kitu ya mwisho, na ukasirike ukitaka. Ndege yako ni kesho jioni. Nimemwambia Achieng aje hapa saa mbili asubuhi na kompyuta yake. Sikumwambia utakubali. Aliniuliza, "Na akikataa?" Nikamwambia, "Basi utakuwa umekuja bure, na ni mimi nitakuwa nimekuita bure." Akasema atakuja.

Akibisha, mimi sitafungua. Sina hadithi ya kumpa, wala ya Kitui, wala ya kipaji. Mlango ni wako. Ukikataa kufungua, tutanyamaza wote ndani mpaka aende, na jioni nitakubeba mpaka airport na bado utakuwa mtoto wangu na bado nitakusifu kwa kila mtu kwa foleni. Lakini ukifungua, keti na yeye mpaka aelewe. Usiangalie saa. Hiyo begi nitaifunga mimi.

Baba yako,
ambaye kwa mara ya kwanza hajaongeza kitu.